KENGELE INAYOLIA BILA MWIZI

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya madereva, mafundi wa karakana na wanakamati wa vikundi vyenye gari kuukuu. Wasio na gari nao wasome, maana fedha anayolipwa fundi wa mjini hutoka katika michango yao.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, katika shamba moja la chai upande wa Kyenjojo, magharibi ya Uganda, kilinunua gari mwaka 2015. Gari lenyewe lilitengenezwa Ulaya mwaka 2000, likatumika Uingereza, kisha likaja kwetu kwa njia ya Mombasa kama yajavyo magari mengi ya mitumba. Tulilinunua kwa kazi moja kubwa, nayo ni kuwapeleka wagonjwa na akina mama waja wazito hospitalini Fort Portal, mwendo wa kilomita kama 50. Mchana lilibeba abiria ili kupata fedha ya mafuta. Kwa muda wa miaka miwili halikutusumbua ila kwa matairi.

Mvua za Oktoba 2017 zilipoanza, kengele ya wezi iliyomo ndani ya gari hilo ilianza kulia usiku. Ililia saa nane, taa za pembeni zikiwaka na kuzimika, watoto wakaamka, mbwa wakabweka. Askari wa zamu akakimbia na rungu lake, hakuona mtu. Dereva akabonyeza kile kidude cha kufungulia milango kwa mbali, ambacho wengi hukiita rimoti, nayo ikanyamaza. Saa tisa ikalia tena. Wachumaji huamka saa kumi na moja alfajiri, na mtu aliyekosa usingizi hajazi kikapu.

Baada ya wiki mbili askari aliacha kuinuka. Hapo ndipo kengele ya wezi hugeuka kuwa rafiki wa wezi. Usiku mmoja tairi la akiba lilichukuliwa huku king'ora kikilia, na sisi sote tulijifunika blanketi na kulaani.

Dereva wetu akabuni dawa yake. Kila jioni alifungua boneti, akafunga milango kwa rimoti, kisha akachomoa waya wa betri. Usingizi ukarudi kambini. Lakini usiku mmoja mama mmoja alishikwa na uchungu. Dereva alipourudisha waya wa betri, kengele iliamka pale pale ilipolala, yaani ikiwa katika hali ya ulinzi, ikaanza kupiga kelele. Rimoti ilikuwa imechoka siku nyingi, ikabonyezwa isiitike. Akajaribu ufunguo mlangoni, na tundu la ufunguo likawa limeshika kutu, kwa kuwa tangu gari linunuliwe hakuna aliyelitumia. Gari likasimama mbele yetu likilia na milango imefungwa. Yule mama alipelekwa kwa lori la majani ya chai, akajifungua njiani. Mama na mtoto walisalimika, tunashukuru, lakini lori si mahali pa kuzalia.

Kamati ilikutana Jumapili. Wako waliosema dereva amechezea nyaya. Wako waliotaka alipe tairi, akatwe kidogo kidogo kila mwezi. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kutuambia kwamba kompyuta ya gari imeharibika, nayo ingehitaji shilingi 900,000. Mwandishi wa makala haya, ambaye kazi yake ni umeme wa mitambo kiwandani, aliomba siku mbili na mita ya kupimia umeme kabla mtu yeyote hajakatwa senti.

Ubongo, wapelelezi na mpiga kelele

Kengele iliyofungwa na watengenezaji wa gari si kitu kimoja. Kuna ubongo mdogo, kuna wapelelezi kadhaa, na kuna mpiga kelele. Wapelelezi ni swichi za milango, swichi ya buti na swichi ya boneti. Magari mengi ya Ulaya huongeza sensa za ndani, karibu na paa au kwenye nguzo za mbele, ambazo hutoa sauti nyembamba isiyosikika na sikio la mtu, kisha husikiliza mwangwi wake ili kujua kama kuna kitu kinachosogea ndani ya gari. Mpiga kelele ni honi ya kawaida, au king'ora chake mwenyewe kilichofichwa ndani ya madigadi.

Ubongo huo haumjui mwizi. Unajua tu kwamba waya fulani umebadilika hali yake. Swichi iliyoota kutu na mwizi anayeinua boneti, kwake yeye ni habari ile ile. Kwa hiyo fundi anayeanza kwa kusema kompyuta imekufa anaanza mwisho. Kengele inayolia ni dalili kwamba ubongo u hai na umepokea taarifa, na kazi yetu ni kumtafuta mpelelezi aliyesema uongo.

Jambo jingine la kutenganisha ni kizuizi cha injini. Katika miaka ya 1990 wizi wa magari ulikuwa mkubwa Ulaya, na kampuni za bima zilidai ulinzi zaidi. Tangu Oktoba 1998 sheria ya Umoja wa Ulaya ilitaka magari mapya ya abiria yawe na kizuizi hicho. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chembe ndogo inayosomwa na pete iliyozunguka tundu la kuwashia. Chembe isipotambuliwa, injini haiwaki. Kizuizi si kengele, lakini katika magari kadhaa vyote viwili huishi ndani ya boksi moja. Mtu akikata nyaya kwa hasira ili apate kimya, huenda akakipata kimya hicho milele, na injini nayo ikanyamaza. Ndugu fundi, weka kisu mfukoni.

Muulize askari kwanza

Siku ya kwanza sikufungua kitu. Nilikaa na askari wa zamu nikamwuliza maswali ambayo kamati haikuyauliza. Gari hulia lini? Akasema usiku wa mvua, na hasa karibu na alfajiri. Usiku mkavu? Mara chache. Gari likiegeshwa chini ya bati la karakana? Halilii. Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko mita yangu.

Saa ya kulia hutaja mpelelezi. Kengele inayolia mchana wa jua kali, au dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo na upepo unavuma, yafaa kuishuku sensa ya ndani. Kitambaa kinachoning'inia kwenye kioo, nondo aliyefungiwa ndani, hata buibui aliyejenga juu ya sensa, vyote vyaweza kuiamsha. Magari mengi yana kitufe cha kuzima sensa hizo peke yake kwa usiku mmoja; yakilala kimya usiku huo, umempata mhusika. Kengele inayolia nusu dakika baada ya kufunga, kila mara, mara nyingi ni mlango ambao ubongo unadhani u wazi. Inayolia baada ya saa nyingi, wakati wa baridi ya alfajiri, inaweza kuwa betri dhaifu, kwa kuwa baadhi ya kengele hizi huhisi volti zikishuka na kudhani mtu amewasha kitu. Na inayolia kwa mvua ni boneti mpaka ithibitike vinginevyo.

Hata hivyo nilianza kwa betri, maana ni kipimo cha dakika moja. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri nzima huonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa 12.4 imepungua kidogo, ikiwa chini ya 12 haina nguvu. Injini ikiunguruma, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5, ikiwa chini ya hapo, jenereta ya gari haichaji ipasavyo na hakuna haja ya kuisumbua kengele. Yetu ilikuwa 12.3, si ya kujivunia, lakini si ya kuleta vurugu zile.

Baadaye milango. Fungua mmoja mmoja uone kama taa ya ndani inawaka na inazimika. Magari ya zamani yana kifyatulio cha mpira kwenye nguzo ya mlango, ambacho waweza kukichomoa, kukisugua kwa msasa laini na kukirudisha. Magari ya Ulaya ya mwisho wa miaka ya 1990 huficha swichi ndogo ndani ya kufuli lenyewe. Volkswagen Golf iliyotoka mwaka 1997 inajulikana sana kwa ugonjwa huu. Swichi yake ya ndani ya kufuli huchoka au risasi ya kuunganishia hupasuka, na gari halijui tena kama mlango umefungwa. Taa ya ndani ikikataa kuwaka kwa mlango mmoja tu, hapo ndipo pa kuangalia. Chunguza pia ule mpira wenye nyaya unaopita kati ya mlango na bodi. Mlango hufunguliwa maelfu ya mara, waya hukunjwa pale pale, mwishowe hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana kwa nje. Buti la gari la familia husumbua zaidi kwa hilo. Milango yetu minne na buti vilikuwa safi.

Boneti na donge la posho

Swichi ya boneti hukaa mahali pabaya kuliko zote. Joto la injini, maji ya mvua, vumbi jekundu la barabara zetu, yote huipitia. Katika gari letu ilikuwa kwenye kona karibu na taa, na mtu aliyekuwa akiosha injini kwa mpira wa maji alikuwa ameimwagia maji miaka miwili.

Kuna aina mbili, na ni lazima ujue yako ni ipi kabla ya kuchomoa. Aina ya kwanza hugusa ethi boneti inapofunguliwa. Ukichomoa plagi yake, ubongo hudhani boneti imefungwa daima, na kengele hutulia. Aina ya pili hufanya kinyume, na ukiichomoa umeuambia ubongo kwamba boneti i wazi usiku kucha. Mita itakuambia. Iweke kwenye kipimo cha omu, gusa ncha mbili za swichi, kisha bonyeza na kuachia kwa kidole. Sindano au namba ibadilike mara moja, kutoka karibu na sifuri hadi kutopita kabisa, au kinyume chake. Usitumie taa ya majaribio kwenye nyaya hizi, kwa kuwa taa hunyonya umeme mwingi kuliko ubongo ulivyozoea. Mita haina ubaya huo.

Ya kwetu ilikuwa ya aina ya kwanza. Ikiachiwa ilionyesha omu chache, sawa. Ikibonyezwa ilipaswa kukata kabisa. Badala yake namba zilitangatanga, mara elfu kadhaa, mara mamia, mara hakuna. Niliimwagia matone ya maji, zikashuka. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani wa shaba iliyooza, na ukungu huo ukilowa hupitisha umeme kidogo, wa kutosha kuudanganya ubongo kwamba boneti inainuliwa.

Lakini swichi mpya peke yake isingetosha. Boneti hukalia vizuizi vya mpira, na vya gari letu vilikuwa vimelika upande mmoja. Nilitaka kujua boneti inakibonyeza kifyatulio kwa kiasi gani, na huwezi kuona mahali ambapo umepafunika. Mama mmoja wa jikoni alinipa donge la posho baridi. Nililiweka juu ya kifyatulio, nikafunga boneti taratibu, nikafungua. Donge lilibaki nene kama kidole, maana yake boneti ilikuwa haikifikii vizuri. Gari likitikiswa na upepo au boneti ikinywea kwa baridi, swichi iliachiwa. Vizuizi vya mpira huwa na uzi wa skrubu. Nikavizungusha pande zote mbili kwa kipimo sawa, kisha nikapima tena mpaka posho ikawa nyembamba kama chapati. Watoto waliokuwa wakitazama walicheka sana kuona gari linalishwa.

Jaribio la mwisho hufanywa na watu wawili. Mmoja hubonyeza swichi kwa mkono boneti ikiwa wazi, mwingine hufunga gari kwa rimoti. Ngojeni dakika moja, kengele iwe tayari. Kisha mwenye mkono aachie. Ikilia, mpelelezi anasema kweli. Isipolia, waya umekatika mahali fulani, na gari lako linalala bila ulinzi wa boneti. Mwenye mkono azibe masikio, mimi sikuziba.

King'ora chenye betri yake

Sehemu hii wasome hasa wenye magari yaliyotoka Ulaya kati ya mwaka 1995 na 2005 hivi. Ving'ora vingi vya magari hayo vina seli ndogo za kuchajiwa ndani yake, ili mwizi akikata betri kubwa kelele iendelee. Baadhi ya magari ya Volvo na Land Rover ya miaka hiyo ni mifano inayojulikana. Fikra ilikuwa nzuri. Ila seli za namna hiyo huzeeka, na baada ya miaka mingi huvuja, kemikali yake ikala bodi ya nyaya. King'ora hapo hulia bila kuamriwa na mtu, hata betri kubwa ikiwa mezani, au hufa kabisa kimya kimya. Mtu asiyejua hubadilisha swichi zote na fedha zote bila kupona.

Dalili ni rahisi. Ukichomoa betri kubwa na king'ora bado kinalia, kina nguvu zake. Kikilia bila taa za pembeni kumulika, mara nyingi king'ora kinafanya kazi kwa akili yake. Kukitoa kunataka utaratibu. Zima ulinzi kwa rimoti au ufunguo, washa swichi ya ufunguo na kuizima, halafu chomoa betri katika sekunde chache zinazofuata kabla ubongo haujaanza ulinzi. Kitabu cha gari hueleza muda wake. Ukichelewa, kitakupigia kelele usoni. Boksi lake limefungwa kwa gundi, unalipasua kwa msumeno mwembamba taratibu, unabadilisha seli kwa nyingine za volti zile zile, unasafisha bodi, kisha unafunga kwa silikoni. Vaa glovu na miwani, uchafu wa seli zilizovuja huunguza ngozi na macho.

Nilifungua cha kwetu kwa udadisi. Seli zilikuwa zimekufa zamani, zimeota unga mweupe. Ndiyo sababu dereva alipochomoa waya wa betri kila jioni gari halikupiga kelele. Kama zingekuwa nzima, angeshindwa siku ya kwanza, na pengine tungelitafuta kosa mapema.

Magari ya Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, kwa kawaida hayana king'ora cha namna hiyo. Yenye kengele hutumia honi. Kisa chake cha kila siku ni kingine. Dereva hufunga kwa rimoti huku mtu amelala kiti cha nyuma, mtu huyo anaamka na kufungua mlango kwa ndani, honi inalia, kila mtu anatafuta fundi. Hapo hakuna kilichoharibika. Fungua kwa rimoti, au ingiza ufunguo na kuuzungusha mpaka taa za dashibodi ziwake.

Yaliyoamuliwa

Swichi tuliipata Kampala kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, kwa bei ya sahani mbili za wali na nyama. Betri ndogo ya rimoti, ile bapa kama sarafu yenye namba 2032, ilikuwa rahisi zaidi. Tundu la ufunguo nililisafisha kwa mafuta mepesi na unga wa penseli, na sasa dereva ana amri ya kulitumia mara moja kila wiki ili lisishike tena. Mwenye gari kuukuu na alijaribu la kwake leo, kabla ya kuhitajika usiku. Na anayelazimika kuchomoa betri, azime ulinzi kwanza, milango ikiwa wazi.

Katika mkutano wa pili nilitandaza swichi ya zamani mezani, nikaipima mbele ya wote, kavu na kisha ikiwa na maji. Wajumbe waliona namba zikishuka kwa macho yao. Dai la kumkata dereva mshahara lilifutwa, na tairi likalipwa na kikundi. Mjumbe mmoja mzee aliuliza kwa nini kamati ilikuwa tayari kumpima mtu kabla ya kupima waya; mwenyekiti alisema swali hilo liandikwe katika kumbukumbu, likaandikwa. Askari wa zamu alipewa daftari. Humo huandika saa gari lilipolia, hali ya hewa, na mahali lilipoegeshwa. Tangu mwaka 2018, Uganda ilipopiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, tuliona kwamba gari kama letu halitapata mwenzake kwa bei ile, na daftari hilo limekuwa na kazi kuliko tulivyotazamia.

Kimoja sikuweza kukitengeneza. Redio za magari ya miaka ile, umeme ukikatika, hudai namba ya siri kabla ya kuzungumza tena, na namba hiyo ilibaki Uingereza na mwenye gari wa kwanza. Dereva alipoanza kuchomoa betri hakulijua hilo. Basi mpaka leo wagonjwa wetu husafiri mpaka Fort Portal bila muziki wala taarifa ya habari.